Kaboni Hii Imetoka Wapi?

Kilele kilitokea dakika ya nne. Kwenye skrini ya kromatografu ya gesi, mashine inayotenganisha gesi ili kila moja itokee dakika yake, mstari ulikuwa umelala kimya, kisha ukainuka, ukachongoka, ukashuka. Hapo ndipo kaboni monoksidi ilipokuwa ikitokea katika mtambo wetu, na mimi nilikuwa nimeisubiri kwa miezi saba, nikijaribu kuigeuza hewa ukaa iwe kitu kinachoweza kuungua tena, kwa nguvu ya mwanga. Ndani ya chombo cha kioo kulikuwa na unga wa kijivu usiojaa kijiko, titaniamu dioksidi iliyotiwa shaba kidogo, pamoja na mvuke wa maji na hewa ukaa. Juu yake taa ya zenoni ilikuwa imewaka tangu asubuhi. Niliita kila mtu aliyekuwa karibu.

Mwalimu aliyenisimamia alikuja, akakitazama kile kilele kwa muda, wala hakunipa hongera. Aliuliza: "Kaboni hii imetoka wapi?"

"Kwenye hewa ukaa, Mwalimu. Ndiyo gesi pekee tuliyoingiza."

"Basi itoe. Ingiza agoni, gesi isiyo na kaboni, washa taa ileile kwa saa zilezile, halafu ndipo unijibu."

Kesho yake nilifanya hivyo. Hapakuwa na hewa ukaa hata chembe ndani ya chombo. Kilele kilitokea dakika ya nne, kifupi kidogo tu kuliko cha jana.

Swali lile sijaachana nalo hadi leo. Kila wiki ninasoma habari za kichocheo kipya kinachogeuza hewa ukaa kuwa mafuta kwa mwanga wa jua, na kila mara ninajiuliza lilelile. Si kwa kuwa ninaidharau kazi hii. Ninaipenda mno, na ndiyo maana sitaki isimame juu ya vilele kama kile changu cha kwanza.

Ugumu wake unaanzia kwenye hewa ukaa yenyewe, ambayo ni kitu kilichokwisha kuungua. Kiswahili kinalisema hilo wazi kuliko jina la kikemia, kwa maana neno ukaa ni ndugu wa makaa. Atomu moja ya kaboni imeshikwa na oksijeni mbili, moja kila upande, zote tatu zimepangana kwenye mstari ulionyooka, na nishati iliyokuwamo imekwisha kutoka ikawa joto. Kuirudisha iwe kitu kinachoweza kuungua tena maana yake ni kulirudisha lile joto. Moli moja, yaani gramu 28, ya kaboni monoksidi itokayo kwenye hewa ukaa inadai kilojuli 283, kabla hujahesabu hasara yoyote ya njiani.

Tena haikubali kuguswa kirahisi. Kuipachika elektroni moja peke yake ndani ya maji kunahitaji takriban volti -1.9 (kadiri namba inavyozidi kuwa hasi, ndivyo msukumo unavyokuwa mkubwa). Elektroni inayozaliwa kwenye titaniamu dioksidi ikimulikwa ina volti -0.5 hivi. Haifiki hata nusu ya safari. Kinachookoa ni protoni: elektroni zikienda zaidi ya moja, kila moja na protoni yake, mlima hupungua. Kwa kaboni monoksidi zinatakiwa elektroni mbili na volti -0.53, na kwa methani volti -0.24 tu. Ukiangalia namba hizo unaweza kudhani methani ndiyo rahisi. Sivyo, kwa sababu methani inataka elektroni nane zifike zote kwenye atomu ileile ya kaboni, kwa zamu, na kila hatua molekuli ya katikati, ambayo bado haijakamilika, isibanduke na kwenda zake. Na pembeni yupo mshindani asiyechoka: protoni mbili za maji zikipata elektroni mbili huwa haidrojeni, kwa volti -0.41, bila kuhitaji kaboni yoyote. Katika maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa ukaa kwa kanieneo ya kawaida, kila molekuli moja ya hewa ukaa imezungukwa na molekuli zaidi ya 1,600 za maji. Elektroni ikitoka kwenye unga inakutana na nani kwanza?

Huo unga, ambao wataalamu huuita fotokatalisti, yaani kichocheo kinachofanya kazi kwa mwanga, ni semikondakta, kitu kinachopitisha umeme kuliko kioo lakini si kama metali. Mwanga wenye nishati ya kutosha ukiupiga, elektroni moja huruka kutoka ukanda wa chini wa nishati hadi ukanda wa juu, na nyuma yake hubaki tundu lenye chaji chanya. Elektroni inatakiwa iende kwa hewa ukaa. Tundu linatakiwa liyavunje maji, liyanyang'anye elektroni na kuacha oksijeni. Lakini elektroni na tundu hupendana. Sehemu kubwa ya jozi hizo hurudiana ndani ya nanosekunde hadi mikrosekunde chache, na nishati yote hupotea kama joto, ilhali kemia ya juu ya uso wa chembe huenda taratibu, mara nyingi mikrosekunde nyingi hadi sekunde nzima. Karibu kila kinachofanyika kwenye vichocheo vipya, kwa majina mengi mazuri yanayochapishwa, ni njia ya kuchelewesha marudiano hayo.

Wazo ni la zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1912 mkemia wa Italia, Giacomo Ciamician, alihutubia wenzake mjini New York akawaeleza wakati ambapo nchi kame zingefunikwa misitu ya mirija ya kioo, na ndani yake mwanga ungefanya kazi ambayo hadi hapo ilikuwa siri ya mimea. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walionyesha kwamba elektrodi ya titaniamu dioksidi ikimulikwa inaweza kuyapasua maji. Mwaka 1979 Fujishima na Honda, pamoja na Inoue na Konishi, walitawanya ndani ya maji unga wa semikondakta mbalimbali, ikiwamo titaniamu dioksidi, kadmiamu salfaidi na galiamu fosfaidi, wakapitisha hewa ukaa na kuwasha taa, wakapata asidi ya fomiki, fomaldehidi, methanoli na methani kidogo. Makala yao ndiyo mama wa maelfu ya majaribio yaliyofuata, langu likiwamo.

Titaniamu dioksidi ni imara, haina sumu, na ipo kwenye rangi za ukutani. Kasoro yake kubwa ni kwamba pengo lake la nishati, yaani umbali kati ya kanda zile mbili, ambalo ni elektroni-volti 3.2 kwa umbo la fuwele liitwalo anatase, linaifanya imeze mwanga wa chini ya nanomita 387 peke yake, yaani miale ya urujuanimno, ambayo haizidi asilimia 5 hivi ya nishati ya jua. Mwanga unaoonekana, unaobeba zaidi ya asilimia 40, unaipita bila kuacha chochote. Ndipo mbio za kutafuta vitu vipya zilipoanza. Na ni hapo, kwa maoni yangu, ambapo swali la Mwalimu linazidi kuwa zito, kwa sababu ambayo sijaiona ikisemwa waziwazi vya kutosha: kadiri kichocheo kinavyokuwa kipya, ndivyo kinavyozidi kuja na kaboni yake mwenyewe.

Chukua kaboni naitraidi, ambayo kundi la Xinchen Wang lilionyesha mwaka 2009 kwamba inaweza kutoa haidrojeni kwenye maji kwa mwanga unaoonekana. Nina mapenzi makubwa na unga huu wa manjano. Huhitaji metali yoyote. Unapasha moto melamini au yurea, vitu vya kawaida kabisa, hadi nyuzi 550 hivi, na unapata semikondakta yenye pengo la elektroni-volti 2.7 inayomeza mwanga hadi nanomita 460. Elektroni zake zina nguvu ya kutosha kwa kazi ya hewa ukaa. Lakini tazama jina lake. Kichocheo chenyewe kimejengwa kwa kaboni. Kikianza kuoza polepole chini ya taa, kikaachia kipande kidogo tu cha ukingo wake, kitatokea kilele dakika ya nne.

Au chukua viunzi vya metali na molekuli za kaboni, vile vyenye vijitundu vingi kiasi kwamba gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani la maelfu ya mita za mraba. Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2025 kwa ajili yake, na kwa haki. Hewa ukaa huingia kwenye vijitundu hivyo na kukaa, jambo linaloondoa sehemu ya ule ugumu wa kuwa mmoja kati ya 1,600. Metali kwenye pembe za kiunzi hupokea elektroni, viungo vya kati humeza mwanga. Ni ubunifu wa kupendeza sana. Ila viungo vile vya kati, mara nyingi asidi zenye duara la benzini, vimejaa kaboni, na baadhi ya viyeyusho vilivyotumika kuviunda hubaki vimejificha mle mle kwenye vijitundu, na havitoki kwa kuoshwa mara mbili.

Perovskaiti, aina ya fuwele, zenye risasi na bromini, ambazo zimeng'ara kwenye paneli za jua, nazo zimejaribiwa. Zinameza mwanga vizuri na elektroni zake huishi muda mrefu. Tatizo ni kwamba maji huzivunja. Kwa hiyo majaribio mengi hufanywa ndani ya ethili aseteti, kiyeyusho cha kaboni, na chembe zenyewe huvishwa koti la asidi ya oleiki, yenye kaboni 18 kwa kila molekuli, ili zisishikamane. Hata kazi maarufu ya mwaka 1983 ya Hawecker, Lehn na Ziessel, waliotumia molekuli ya reniamu kugeuza hewa ukaa kuwa kaboni monoksidi kwa mwanga, ilitumia molekuli ambayo tayari imeshika kaboni monoksidi tatu mwilini mwake.

Sisemi kwamba vichocheo hivi havifanyi kazi. Vipo vilivyothibitishwa kwa uangalifu mkubwa. Ninasema mzigo wa uthibitisho umeongezeka, na wengi wetu tumebaki na kipimo kilekile cha zamani: washa taa, pima gesi, gawanya kwa uzito wa unga.

Unga wangu mimi haukuwa mpya kiasi hicho, na bado ulinidanganya. Titaniamu yake ilitoka kwenye kampaundi iliyofungamana na alkoholi, shaba ikatoka kwenye aseteti, chumvi ya asidi ya siki, na vyote viwili vina kaboni. Nilikuwa nimeuchoma kwa nyuzi 350 tu, nikiogopa chembe zisije zikaungana na kuwa kubwa. Mabaki ya alkoholi na aseteti yalibaki yameng'ang'ania juu ya uso. Mwanga ukaja, matundu yakayakuta mabaki hayo, ambayo ni rahisi kuvunja kuliko maji, na kaboni monoksidi ikatoka. Nilichokuwa nimepima ni uchafu wangu ukisafishwa. Titaniamu dioksidi ni hodari kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu hupakwa kwenye vioo vinavyojisafisha.

Sikuwa wa kwanza. Mwaka 2010 kikundi cha watafiti waliotumia titaniamu dioksidi yenye shaba walichapisha kazi iliyonitikisa nilipoisoma baadaye. Waliingiza hewa ukaa ambayo kaboni yake yote ni isotopu ya 13, aina nzito kidogo ya kaboni, badala ya ile ya kawaida ya 12. Kama kichocheo kingekuwa kinakula hewa ukaa moja kwa moja, kaboni monoksidi ingetoka na alama ya 13. Iliyotoka kwa wingi ilikuwa ya 12. Mabaki ya kaboni yalikuwa yameshiriki. Nilikaa na karatasi ile jioni nzima, nikihesabu ni tafiti ngapi nilizokuwa nimezinukuu bila kuangalia kama kuna alama ya 13 ndani yake.

Jaribio la isotopu linasikika rahisi, lakini lina mitego yake, na inafaa kuieleza kwa sababu wanafunzi wengi huangukia humo. Kaboni monoksidi ya kawaida ina masi ya 28. Naitrojeni ya hewani nayo ina 28. Ukiwa na uvujaji mdogo kwenye mpira wa kifuniko, spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, itakuonyesha 28 kwa furaha, na wewe utaandika kaboni monoksidi. Ukitumia kaboni 13 unatafuta 29, na hapo naitrojeni haikusumbui sana. Lakini hewa ukaa yenyewe ikiingia kwenye spektrometa hupasuliwa, na mojawapo ya vipande vyake ni kaboni monoksidi, sasa ikiwa na masi ya 29! Kwa hiyo lazima gesi zitenganishwe kwanza kwenye kromatografu, na ile 29 itokee dakika ya kaboni monoksidi, si dakika ya hewa ukaa. Kwa methani unatafuta 17, na 17 ndiyo masi ya kipande cha maji kilichopoteza haidrojeni moja. Maji yapo kila mahali.

Kisha kuna upande wa pili wa hesabu, ambao huachwa zaidi. Elektroni zilizoingia kwenye kaboni zimetoka wapi? Kama mimea, tunataka zitoke kwenye maji, na maji yakizitoa huacha oksijeni. Kwa kila molekuli mbili za kaboni monoksidi lazima ionekane moja ya oksijeni. Isipoonekana, kuna kitu kingine kilichotoa elektroni. Mara nyingi kitu hicho huwekwa kwa makusudi na huitwa kafara: triethanolamini, kwa mfano, ambayo hukubali kuvunjwa na matundu upesi ili elektroni zibaki huru. Kwa kuchunguza nusu moja ya mchakato, kafara ni njia halali, na mimi mwenyewe nimeitumia. Lakini triethanolamini hutengenezwa kwa amonia na oksidi ya ethilini itokayo kwenye mafuta ya petroli. Kuiteketeza ili upate kaboni monoksidi kidogo, halafu ukaita kazi hiyo usanisinuru wa kibinadamu, hapo ninakataa.

Na ni kidogo kweli. Vichocheo vingi vya unga vinavyotumia maji matupu hutoa mikromoli chache hadi makumi kwa gramu kwa saa. Tuseme 10. Gramu moja ya unga ingehitaji saa 100,000, zaidi ya miaka 11 ya mwanga usiokatika, kutengeneza moli moja ya kaboni monoksidi, yaani gramu 28. Ukiongeza unga hupati zaidi kwa kiwango kilekile, maana chembe za chini hukaa kivulini. Ndiyo maana kipimo cha mikromoli kwa gramu hakiniambii mengi. Ninataka kujua fotoni ngapi, yaani chembe ngapi za mwanga, ziliingia, za rangi gani, na ngapi ziliishia kwenye kaboni. Upande wa pili wa mizani kuna tani zipatazo bilioni 37 za hewa ukaa tunazozitoa kila mwaka kwa kuchoma mafuta, makaa na gesi asilia. Kichocheo cha mwanga hakitazimaliza, na anayekitangaza hivyo anakibebesha mzigo usio wake. Kazi yake, siku kikifaulu, ni kutupatia molekuli za kaboni kwa ajili ya dawa, plastiki na mafuta ya ndege bila kuchimba.

Kazi inayonipa moyo zaidi ni ile ambayo haikuficha namba zake. Mwaka 2020 kikundi cha Erwin Reisner huko Cambridge kilionyesha karatasi nyembamba iliyobandikwa unga wa aina mbili, strontiamu titaneti yenye lanthanamu na rodiamu upande mmoja wa kazi, bismathi vanadeti yenye molibdenamu upande mwingine, na tabaka la metali katikati kama daraja la elektroni. Unga mmoja unashughulika na maji, mwingine, uliovishwa molekuli za kobalti, unashughulika na hewa ukaa. Hakuna waya, hakuna kafara. Walipata fometi, chumvi ya asidi ya fomiki, kwa uteuzi wa asilimia 97, yaani karibu elektroni zote zilizotumika ziliishia humo, na oksijeni ikatoka. Ufanisi wa kugeuza nishati ya jua ulikuwa asilimia 0.08. Mimea mingi ya shambani hufikia karibu 1 au chini yake. Asilimia 0.08 ni ndogo, lakini ni namba ninayoweza kuikanyaga isizame. Mwaka uliofuata kikundi cha Kazunari Domen nchini Japani kilichapisha paneli za fotokatalisti zenye eneo la mita za mraba 100, zikiyapasua maji nje juani na kutoa haidrojeni kwa ufanisi uliofikia asilimia 0.76. Huenda njia fupi ikawa hiyo: haidrojeni kwanza kwa mwanga, kisha haidrojeni hiyo ikutane na hewa ukaa kwenye kichocheo cha kawaida cha joto. Mimi bado nina imani na njia ndefu, ya unga mmoja unaofanya yote, kwa sababu ya urahisi wake siku utakapotengemaa, ila ninakiri kuwa imani hiyo haina namba za kutosha.

Nirudi kwenye kile chombo cha kioo. Niliuchoma tena unga wangu, safari hii kwa nyuzi 450 ndani ya mkondo wa hewa safi, kwa muda wa saa sita. Kisha nikauweka chini ya taa, kwenye oksijeni yenye unyevu, siku tatu. Nikarudia jaribio la agoni. Dakika ya nne mstari ukapita umelala. Nikarudia mara mbili zaidi, nikiogopa kuamini.

Ndipo tukafungua mtungi mdogo wa hewa ukaa yenye kaboni 13. Taa iliwaka kwa muda wa saa kumi na mbili. Kilele kilipotokea kilikuwa kifupi mno, kama sehemu moja ya kumi ya kile kilichonifanya niwaite watu. Nilikipeleka kwenye spektrometa: 29.

Mwalimu alikuja akavuta kiti, akakaa karibu nami, akaitazama ile namba muda mrefu kuliko alivyotazama kilele cha kwanza.

"Sasa umenijibu," alisema. "Na oksijeni?"

Sikuwa nimeipima. Niliweka kihisio cha oksijeni, nikabadilisha mipira yote ya vifuniko, nikaanza upya. Oksijeni iliyotoka ilikuwa robo ya ile iliyotakiwa. Robo tatu ya elektroni zilikuwa zimetoka kwenye kitu kingine, na asubuhi iliyofuata nilianza kukitafuta.